Mkaa, Chumvi na Ndoo ya Ijumaa

Fundi alipobisha hodi kwa mtu hakungoja kuonyeshwa kiti. Alitoa salamu, akaitikiwa, na kabla mwenye nyumba hajamaliza kuuliza habari za watoto, macho ya Fundi yalikuwa yamekwisha panda darini. Alitazama paa, akatazama pembe za kuta, akainama kutazama sakafu. Ndipo akasema, "Alhamdulillahi, sisi wazima." Wanawake wa Kisarawe walimcheka kwa tabia hiyo. Walisema Fundi anaamkia boriti kwanza, binadamu baadaye.

Nilimjua kwa zaidi ya miaka kumi, enzi za Mwingereza, baada ya ile vita kubwa ya pili. Sitasimulia alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani, kwa kuwa sikumwuliza, na ukweli ni kwamba sikutaka kujua. Mtu unayemwonea kijicho humtafutii historia. Unamtafutia kasoro.

Siku hizo palikuwa na mtambo wa dizeli pale karibu na soko. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara aliyepewa ruhusa ya kuuza taa kwa nyumba za bati zilizokuwa jirani. Mtambo ulinguruma kuanzia magharibi hadi saa nne, kisha ukalala. Fundi ndiye aliyekuwa na cheti cha kutandika nyaya majumbani, na pamoja na cheti hicho alikuwa na kijitabu cha kanuni, kimeandikwa Kiingereza, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia. Alikibeba mfukoni mwa shati kila mahali. Mtu akibishana naye hakupandisha sauti. Alikigusa kijitabu kwa vidole viwili, kama mtu anayegusa hirizi, akasema, "Mimi sina ugomvi. Huyu ndiye mwenye ugomvi."

Alivaa katambuga, vile viatu vya mpira wa gari, mvua na jua. Hata msikitini alivua wa mwisho na kuvaa wa kwanza. Waya asioujua aliugusa kwanza kwa mgongo wa vidole, kamwe si kwa kiganja. Aliniambia sababu: kiganja kikipigwa na umeme hufumba, na kikifumba hakiachi. Nilikumbuka maneno hayo baadaye, siku ambayo nisingependa kuikumbuka.

Alikuwa mtu wa kanuni, lakini baiskeli yake haikuwa na breki. Aliteremka nayo mlima wa bomani akiisimamisha kwa unyayo, mpira wa katambuga ukilia juu ya tairi, kuku wakitawanyika. Nikamwambia siku moja, "Fundi, kitabu chako hakina ukurasa wa baiskeli?" Akajibu, "Maalim, baiskeli inaniua mimi peke yangu. Waya unaua na mgeni." Kioja kingine ni kwamba aliogopa radi. Mtu aliyeshika umeme kwa mikono miwili, wingu likinguruma aliingia ndani, akakaa kitandani, akakunja miguu, akasoma kila dua aliyoijua na nyingine alizozikosea. Watu walipomtania alisema, "Huyu wa mtambo nina swichi yake. Yule wa juu swichi yake anayo Mwenyewe."

Hakuunga taa kwenye nyumba ya makuti. Hilo halikuwa na rufaa. Mchinjaji Sefu, jirani yangu, aliezeka bati akaungiwa. Nyumba yangu ilikuwa ya makuti, na mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, watoto wanasoma kwangu mpaka usiku unaingia. Nilimwendea, nikambembeleza. Nikampelekea na kuku. Akasema, "Makuti na waya havilali chumba kimoja, Maalim. Ezeka bati kwanza." Kuku akamrudisha yeye mwenyewe, mchana kweupe, kamshika miguu, akipita sokoni. Sefu alikuwa akikata nyama. Akapaza sauti: "Maalim! Kuku wako naye kakataliwa kuungiwa?" Soko zima likacheka. Nami nilicheka, maana asiyecheka ndiye anayechekwa zaidi. Lakini jino langu la nyuma liliuma mpaka jioni.

Na hapo sijasema habari ya msikiti.

Tangu ujana wangu mimi ndiye niliyekuwa mwenye taa za msikiti. Marehemu baba ndiye aliyenikabidhi. Baada ya sala ya alasiri nilizishusha kandili zote sita, nikafuta vioo kwa majivu na karatasi, nikakata tambi kwa mkasi, nikatia mafuta bila kumwaga tone. Utambi ukikatwa mshazari mwanga hupinda na kioo huingia moshi. Ukikatwa sawa, mwanga husimama kama kidole cha shahada. Watu walinisifu kwa hilo. Wazee waliponiombea dua walisema, "Mungu akutilie nuru kaburini kama unavyotutilia nuru sisi." Nilikuwa maskini, lakini dua hiyo nilikuwa nayo peke yangu.

Kisha wazee wa msikiti wakakubaliana kutia globu. Fundi alifanya kazi siku mbili, bila ujira. Usiku wa kwanza zile globu zilipowaka, watoto wangu wa chuo waliziangalia wakasahau kuitikia amina. Mzee mmoja, yuleyule aliyezoea kuniombea mimi, alimshika Fundi mkono akasema, "Mungu akutilie nuru kaburini." Nilisikia kwa masikio yangu. Dua ilikuwa ileile, haikubadilishwa hata neno moja, ila imehama nyumba.

Fundi alinifuata nje. "Maalim," akasema, "kandili zako usizitoe. Mtambo ni mashine. Mashine hufa." Alisema kwa wema. Mimi nikasikia mtu aliyeshiba akimwambia mwenye njaa asitupe sahani.

Tangu hapo niliishi nikiusikiliza mtambo ule kama mrithi anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Ukikohoa, nilikuwa nimekwisha simama na kiberiti. Siku moja ulikufa katikati ya sala ya isha, na kabla imamu hajatoa salamu nilijikuta nimesema moyoni "alhamdulillahi" kwa furaha ambayo haikuhusiana na sala. Tulipomaliza nikawasha kandili sita upesi kuliko siku zote. Sefu akanong'ona, "Taa ya Maalim inatoa moshi, lakini walau haijui kuzirai." Neno hilo moja lilinilisha wiki nzima. Ndivyo nilivyokuwa, na simsingizii shetani, kwa kuwa kazi hiyo niliifanya mwenyewe.

Sasa nieleze mashimo.

Kila nyumba aliyoiunga, Fundi alichimba shimo nyuma yake, urefu wa mtu. Alisimamisha humo bomba la chuma, akafunga waya kutoka ndani ya nyumba, kisha akajaza: tabaka la mkaa, tabaka la chumvi ya mawe, tabaka la udongo, tena mkaa, tena chumvi. Akamwagiza mwenye nyumba kumimina ndoo ya maji mahali pale kila Ijumaa, hasa wakati wa kiangazi. Kwa msikiti hakuagiza kitu. Alichimba tu mfereji mdogo, maji ya udhu yakawa yanateremkia bombani yenyewe.

Nilimkuta akichimba kwa Sefu, nikakaa juu ya jiwe nikamwuliza. Nilikuwa muulizaji mzuri, chuoni tulizoezwa kuuliza.

"Mkaa wa nini?"

"Hauozi, na unashika unyevu."

"Na chumvi?"

"Chumvi huvuta maji. Udongo wetu huu ni mchanga, Maalim. Kiangazi unakuwa kama unga. Ardhi kavu ni mlango uliofungwa, umeme haupiti."

"Kwani upite uende wapi?"

Akaacha kuchimba, akajifuta jasho. "Nyaya huchubuka. Panya hutafuna. Siku moja umeme utatoka njiani, utaingia kwenye chuma cha taa, au cha pasi, au chochote. Ukishatoka unatafuta ardhi. Sasa mimi nauonyesha njia: pita hapa, bomba hili hapa. Nisipouonyesha, au njia ikiwa imekauka, utapita kwa mtu atakayegusa."

"Na kwa nini Ijumaa?"

Akacheka sana, meno yote nje. "Nikiwaambia Jumanne watasahau. Ijumaa nani asiyeijua?"

Nilielewa. Nataka anayesoma aliandike hili moyoni mwake, maana ndilo lililobaki likinichoma: nilielewa kila neno, pale pale, nimekaa juu ya jiwe.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, wanaume walikuwa barazani wakinywa kahawa, wakamsifu Fundi. Mmoja akasema nyumba yake imekuwa kama mchana. Mwingine akasema kanzu ya Fundi daima imenyooka, maana ana pasi ya umeme. Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Waislamu, mimi ni mwalimu tu. Nauliza. Shimo nyuma ya nyumba. Chuma. Mkaa. Chumvi. Na maji kila Ijumaa. Mimi sikitaji jina kitu hicho. Ninyi wenyewe mmekua hapa, mnakijua."

Kisha mtu akasema kwa sauti ya chini, "Zindiko."

Nani asiyejua zindiko? Ni dawa ya mganga, hufukiwa uwanjani kuilinda nyumba na wabaya, nayo hutunzwa kwa masharti. Sisi wa chuoni tuliikataza siku zote. Ulimi wangu haukulitamka neno lile, na kwa miaka mingi nilijificha nyuma ya ulimi huo. Wala sikuwakumbusha kwamba bomba la msikiti sote tulikuwa tukilimwagia maji mara tano kwa siku.

Wenye nyumba wengi waliacha kumwaga maji. Sefu, ambaye alikuwa na hofu ya Mungu kuliko akili, alikata waya, akaling'oa bomba lake, akalitupa kwenye matete, akaja kuniambia kwa fahari, "Nimesafisha nyumba, Maalim." Nikamwambia, "Mungu akulipe." Taa zake ziliendelea kuwaka kama kawaida. Hilo ndilo lililowadanganya watu: bomba likiwapo au lisiwepo, globu huwaka vilevile.

Kiangazi kikaingia, na Ramadhani ndani yake. Sefu akanunua pasi ya umeme. Siku ya mwisho ya mfungo mtambo uliwashwa tangu alasiri kwa ajili ya matayarisho ya Idi. Nikamwita mke wangu, Mwanaidi.

"Kanzu yangu ya Idi umeipiga pasi?"

"Mkaa umemwagikiwa maji, Bwana, unafuka moshi tu. Nitaipiga baadaye."

"Nenda kwa Sefu, ukaazime ile ya umeme. Nataka inyooke kama ya Fundi."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Kama ya Fundi.

Nilikuwa msikitini nafuta vioo niliposikia yowe. Mke wa Sefu alikuwa amemwagia sakafu maji na kuifagia kwa ajili ya sikukuu, Mwanaidi amesimama humo peku, ananyunyizia kanzu maji kwa vidole kama tulivyozoea, kisha akashika pasi. Fundi alikuwa juu ya ngazi pale sokoni, akitundika globu za Idi. Nilikuwa karibu kuliko yeye, naye alinitangulia. Nilipoingia nilimwona ameshika mchi wa kinu, amekwisha upiga waya ukachomoka ukutani. Mwanaidi alikuwa chini, kiganja kimefumba, macho wazi, haoni. Fundi alipiga magoti, akamgeuza, akamkandamiza mgongo kwa viganja vyake, akaachia, akakandamiza tena, huku anahesabu kwa sauti. Mimi nilisimama mlangoni. Dua zote nilizofundisha watoto kwa miaka ishirini zilinitoka kichwani, nikabaki na moja tu: usimchukue, nichukue mimi. Mwanaidi akakohoa.

Kanzu ilikuwa sakafuni, alama nyeusi ya pasi kifuani.

Mke wangu alipona, namshukuru Mungu asiyelipiza papo hapo. Lakini vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilikunjika, havikufunguka tena.

Fundi alizunguka nyuma ya nyumba. Akarudi, akauliza kwa upole, "Sefu, nani kaling'oa bomba?"

Sefu akanitazama. Fundi akafuata macho ya Sefu, naye akanitazama. Nilikuwa nimeshika tasbihi. Nikaanza kuhesabu punje zake.

Baada ya Idi akaja bwana mkaguzi kutoka Dar es Salaam, na daftari. Tulikusanyika uwanjani kwa Sefu. Sheria ilikuwa kwamba mwenye cheti ndiye anayejibu. Fundi angeweza kusema mwenye nyumba kaling'oa bomba, Sefu angeshtakiwa. Sefu naye angesema kaambiwa na nani, nami ningeitwa bomani, mbele ya watoto wangu wa chuo. Mkaguzi aliuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Kwa nini chuma iko nje?"

Fundi akajibu, "Mimi sikuwaeleza vizuri, Bwana. Watu hawakuelewa."

Nilikuwa hatua nne tu kutoka alipo. Ningesema, "Nilielezwa, nikaelewa." Ni maneno mawili. Sikusema. Mkaguzi akachukua cheti, akakipiga mstari. Fundi akatoa kile kijitabu cha kanuni mfukoni, akataka kumpa, mkaguzi akakataa, Fundi akakirudisha mfukoni. Kesho yake alipita sokoni na baiskeli yake, sanduku la vyombo nyuma, akashuka mlima katambuga zikilia. Nasikia alikwenda Gwata, upande wa Kibaha, kulima.

Mimi nilishinda. Moyoni nilikuwa peke yangu tena na taa zangu. Mtambo ukifa waliniita. Na kila nilipokata utambi niliona mwanga umesimama sawasawa, nikachukia kuutazama.

Miaka ikapita. Nikaezeka bati. Akaja fundi mwingine mwenye cheti, akaniungia taa, akachimba shimo lilelile, mkaa uleule, chumvi ileile. Kila Ijumaa Mwanaidi alibeba ndoo kwa mkono wa kushoto akaenda kumwaga. Mimi sikuweza kwenda nyuma ya nyumba siku hiyo. Nilikuwa na udhuru kila Ijumaa.

Kisha Mungu akanipa riziki ya Hijja. Kwetu mtu haondoki kwenda Makka bila kuomba radhi kwa aliowakosea. Nilizunguka mitaa yote, nikasamehewa na watu ambao sikuwakosea kitu. Alibaki mmoja. Nikapanda lori hadi Mlandizi, nikatembea mpaka Gwata.

Nilimkuta anamenya muhogo, katambuga miguuni, mvi kichwa kizima. Aliniona, akatazama juu yangu kwanza, kana kwamba nimebeba paa.

"Shikamoo, Fundi." Tulikuwa rika moja. Nilimpa makusudi.

"Maalim, unanizeesha. Karibu. Kisarawe mvua imenyesha?"

"Bado. Kavu."

"Basi watu wamwage maji," akasema, akaendelea kumenya.

Nyumba yake ilikuwa ya makuti, na mlangoni palining'inia kandili, kioo kimejaa moshi. Mikono yangu ilinitangulia. Nikaishusha, nikaomba kisu chake, nikakata utambi. Naye akaniacha nifanye. Nikasema nikiwa nimeinamia kioo, maana usoni nisingeweza:

"Nimekuja kuomba radhi. Siku ile barazani sikukosea kwa kutojua. Ulinieleza, nikaelewa, ndipo nikasema. Na mbele ya mkaguzi nilinyamaza. Nilikuonea kijicho, Fundi. Mpaka leo sijui kama kimeisha."

Akatupa ganda la muhogo kwa kuku. "Nilijua umeelewa. Asiyeelewa haulizi kwa nini chumvi."

"Ulijua, na ukajibu vile kwa mkaguzi?"

"Watoto wale wangefundishwa na nani? Mimi ningemfundisha nani Kurani, na fatiha yangu nasoma kwa kukimbia?" Akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Cheti kiliniuma, Maalim. Nisikudanganye. Usiku nilikuwa naota natandika nyaya. Lakini yangu nimekusamehe, duniani na akhera. Nenda."

Nikamshika mkono, nikalia. Akaniachia nilie. Kisha akauliza, "Mkono wa shemeji je?"

"Vidole viwili havikufunguka."

"Amekusamehe?"

Nikarudi kukifuta kioo.

"Anajua kwamba ulijua?"

Kandili ilikuwa mkononi mwangu, kioo kimetakata. Mwanaidi aliamini siku zote kwamba nilisema kwa kutojua. Aliwahi kunitetea kwa wanawake wenzake: "Mume wangu ni mtu wa dini, aliogopa shirki."

Fundi akaipokea kandili, akaitundika mahali pake. "Langu la kusamehe ni cheti tu," akasema. "Mkono si wangu."

Niliondoka alfajiri. Ilikuwa Ijumaa. Nikasali Mlandizi, nikafika nyumbani alasiri, nikamkuta Mwanaidi nyuma ya nyumba na ndoo. Nikamwambia yote, nimesimama, tangu jiwe la nyumbani kwa Sefu mpaka tasbihi. Hakunikatiza. Nilipomaliza, aliiweka ndoo miguuni pangu, akaingia ndani.

Nikaiinua, nikamimina. Udongo ulikuwa mkavu kama unga. Maji yalisimama juu yake kwanza, yakatetemeka, kisha yakaanza kuingia taratibu. Nikarudi kisimani nikateka ndoo nyingine.

Mwaka ule sikwenda Hijja. Nilikwenda mwaka uliofuata.